Kutengeneza chati ya ukutani ya Vita vya Msalaba vya mwisho, 1291–1517

Habari za Vita vya Msalaba mara nyingi hufungwa kwa kuanguka kwa Akka, ngome kuu ya mwisho ya wapiganaji wa msalaba huko Shamu, mwaka 1291, kisha msomaji anarushwa moja kwa moja hadi kutekwa kwa Konstantinopoli (Istanbul ya leo) 1453. Miaka 162 ya katikati inaachwa tupu, ilhali ndani yake vita vya namna hiyo vilipiganwa Misri, Balkani, Baltiki, Bohemia (Cheki ya leo), Tunisia, Moroko na Hispania, mara nyingine mwaka mmoja katika sehemu mbili. Hapo ndipo maandishi ya mfululizo yanaposhindwa. Chati yenye safu kwa kila eneo hulionyesha jambo hilo kwa mtazamo mmoja, na inafaa ukuta wa darasa la historia au wa maktaba ndogo.

Vifaa na vipimo

Tafuta manila nyeupe tatu za ukubwa wa A1 (sm 84 kwa sm 59), rula ya mita moja, penseli ya HB, kalamu za rangi sita zenye ncha nyembamba, gundi ya kijiti, na karatasi tano za A4. Gundi ya maji iache, kwa sababu manila hulowa na kujikunja kwenye maungio. Rangi ya njano nayo usinunue, haisomeki kutoka nyuma ya darasa.

Kipimo ni sm 1 kwa mwaka 1. Manila ya kwanza inabeba 1280–1360, ya pili 1360–1440, ya tatu 1440–1520. Kila moja inatumia sm 80, zinabaki sm 4. Hizo sm 4 ziache zote upande wa kulia, kushoto usiache kitu. Manila ya pili inapandishwa juu ya ukingo wa kulia wa ile ya kwanza, na mwaka 1360 unakutana na 1360. Ukigawa ukingo sm 2 huku na sm 2 huku, karatasi ya juu itafunika miaka miwili uliyokwisha kuichora.

Ziunganishe kwanza, ndipo upige mistari mirefu ya safu. Anayepiga mistari kila manila peke yake atakuta haikutani kwa milimita mbili tatu, na jicho huliona hilo upesi.

Wapo wanaopunguza kipimo hadi nusu sentimita kwa mwaka ili waokoe karatasi. Itakutosha manila moja na nusu, lakini miaka ya 1443 hadi 1456 haitaandikika.

Urefu wa kwenda juu, sm 59, ugawe hivi: sm 5 za kichwa, sm 3 za mstari wa miaka, sm 47 za safu, sm 4 za maelezo ya alama chini kabisa. Safu zisilingane. Misri, Shamu na Kupro ipe sm 8. Balkani na Waosmani (dola ya Waturuki) sm 12. Baltiki sm 6. Ulaya ya ndani (Papa, Ufaransa, Bohemia) sm 8. Hispania, Ureno na Afrika Kaskazini sm 8. Bahari ya Hindi na pwani yetu sm 5. Majina ya safu yaandike kwenye nafasi ya 1280–1290, ambayo haina tukio lolote utakaloliweka.

Kadi kabla ya wino

Kata kila A4 vipande vinane, upate kadi 40. Kila tukio na kadi yake, na kila kadi na mambo matano: tarehe, mahali na nchi ya leo, nani dhidi ya nani, Papa alitoa hati ya vita hivyo au hakutoa, na matokeo kwa maneno yasiyozidi sita. Kadi ikikosa jambo moja, tukio lisipande kwenye manila bado.

Hilo la hati ya Papa ndilo linalopambanua vita vya msalaba na vita vya kawaida kati ya Wakristo na Waislamu. Kosovo ya tarehe 15 Juni 1389 haikuwa na hati, na vita vya Ankara vya 1402 vilikuwa kati ya Waislamu wenyewe. Mapigano ya Domažlice ya 1431, kinyume chake, yalikuwa na hati, ingawa pande zote mbili ni Wakristo. Kwenye chati, duara lililojazwa wino ni vita vilivyotangazwa na Papa, na duara tupu ni tukio linalohitajika ili mengine yaeleweke. Jambo lililodumu zaidi ya mwaka lichore kama mstari mnene wa mlalo.

Rangi zifuate dola na mashirika, si dini. Ukipaka Wakristo rangi moja na Waislamu nyingine, chati itakukwama Nicopolis, Bulgaria ya leo: mwaka 1396 Stefan Lazarević, Mkristo wa Serbia, alipigana upande wa Sultani Bayezid I wa Waosmani. Mgawanyo unaofaa ni kijani kwa Wamamluki (watawala wa Misri na Shamu), nyekundu kwa Waosmani, buluu kwa Ureno na falme za Hispania, nyeusi kwa mashirika ya kijeshi (Watemplari, Wahospitali, Wateutoni), kahawia kwa Wakristo wengine wote, na zambarau kwa miji ya pwani ya Afrika Mashariki.

Tarehe: hapa ndipo chati nyingi huharibika

Vyanzo vya Kiarabu na Kituruki vinatoa mwaka wa Hijria. Kupata mwanzo wa mwaka huo kwa Kizungu, zidisha kwa 0.9702 kisha ongeza 621.58. Mwaka 690 wa Akka unatoa 1291.02, yaani mwaka huo wa Hijria ulianza mwanzoni mwa Januari 1291. Mwaka 767, ambao Aleksandria ilivamiwa, unatoa 1365.72, yaani Septemba 1365. Desimali usizikadirie kwenda juu. Anayeandika 1366 kwa sababu 0.72 inakaribia moja atakuwa ameusogeza uvamizi mwaka mzima, kwani ulitokea Oktoba 1365, mwezi mmoja tu baada ya mwaka mpya wa Hijria.

Ukiwa na mwezi na siku, endelea: idadi ya miezi iliyokwisha zidisha kwa 29.5, ongeza siku, toa moja. Konstantinopoli ilitekwa tarehe 20 Jumada al-Ula 857. Kwa hesabu hiyo mwaka 857 unaanza 1453.04, takriban 15 Januari. Miezi iliyokwisha ni minne, kwa hiyo 118, jumlisha 20, toa 1, siku 137. Unafika 1 Juni. Tarehe sahihi ni 29 Mei. Tofauti ya siku tatu haionekani kwenye kipimo cha sentimita kwa mwaka, lakini kwenye kadi andika tarehe sahihi.

Kwa aliyezoea miezi ya Kiswahili upo mtego mmoja. Jumada al-Ula ni Mfunguo Nane, lakini ni mwezi wa tano wa mwaka wa Hijria, kwa kuwa mwaka unaanza na Muharram, ambao ni Mfunguo Nne. Ukihesabu miezi saba iliyopita badala ya minne, Konstantinopoli itaanguka mwishoni mwa Agosti.

Tarehe za Kizungu za wakati huo ni za kalenda ya Juliasi, iliyotangulia ile ya Gregori tunayotumia leo. Ziache hivyo hivyo. Vikokotoo vingi vya mtandaoni hurudisha nyuma kalenda ya Gregori bila kukuambia, na katika sehemu kubwa ya karne ya 15 hiyo ni tofauti ya siku tisa. Kipime kikokotoo chako kwa tarehe 29 Mei 1453. Kikisema Jumanne, kinatumia Juliasi. Kikisema Jumapili, kinatumia Gregori, na usikiamini kwa tarehe zozote za chati hii.

Kisha kuna mwaka kuanza siku isiyo 1 Januari. Uingereza na Florence mwaka uligeuka tarehe 25 Machi, na katika ofisi za mfalme wa Ufaransa uligeuka Pasaka. Jacques de Molay, mkuu wa mwisho wa Watemplari, alichomwa moto Paris tarehe 18 Machi 1314, lakini kumbukumbu za Ufaransa zinasoma 1313. Hati ya Papa Nicholas V iitwayo Romanus Pontifex ina mwaka 1454 ndani yake, ingawa ni ya 8 Januari 1455. Kwa hiyo tarehe yoyote kati ya Januari na Pasaka iangalie mara mbili.

Mbaya kuliko zote ni Era ya Hispania, ambayo imetangulia mwaka wetu kwa 38. Castilla iliiacha 1383, Ureno 1422. Wareno waliiteka Ceuta tarehe 21 Agosti 1415, na kwa hesabu yao huo ulikuwa mwaka 1453! Mwanafunzi akiona 1453 kwenye waraka wa Ureno ataupeleka Konstantinopoli bila kusita. Toa 38.

Kujaza safu

Anza na safu ya kwanza, kwa sababu ina matukio machache yaliyo wazi. Akka, 18 Mei 1291, Sultani al-Ashraf Khalil wa Wamamluki. Kisiwa cha Arwad, karibu na Tartus, 1302, kituo cha mwisho cha Watemplari kwenye ufuko huo. Aleksandria, 10 Oktoba 1365: Mfalme Peter I wa Kupro aliuteka mji, akauibia kwa takriban wiki moja, akaondoka kabla jeshi la Kairo halijafika. Sis, mji mkuu wa Waarmenia wa Kilikia, 1375. Kupro yenyewe, 1426: Sultani Barsbay alituma jeshi, Mfalme Janus akakamatwa huko Khirokitia tarehe 7 Julai na kupelekwa Kairo, na tangu hapo kisiwa kikalipa kodi kwa Wamamluki. Wengi hulisahau tukio hili, ilhali ndilo jibu la 1365. Yaunganishe mawili hayo kwa mstari wa nukta.

Safu ya Balkani ndiyo itakayokula muda wako. Anza na Smyrna, Izmir ya leo, iliyotekwa na muungano wa Papa, Venisi, Kupro na Wahospitali tarehe 28 Oktoba 1344. Ichore kama mstari mnene hadi Desemba 1402, Timur, mtawala wa Asia ya Kati, alipoitwaa. Smyrna haikuwa ya Waosmani wakati huo bali ya Umur, mtawala wa Aydin, na kuipaka nyekundu ni kosa la kawaida. Gallipoli: Waosmani waliingia 1354 baada ya tetemeko la ardhi kubomoa kuta, Amadeus VI wa Savoy akaichukua 1366. Maritsa 1371, duara tupu. Kosovo 1389, duara tupu. Nicopolis, 25 Septemba 1396, duara lililojazwa. Vitabu vingine vinasema 28 Septemba, nawe chagua moja na uifuate kote.

Kwenye kadi ya Nicopolis andika sababu ya kushindwa, kwani kadi nyingi huishia kwenye neno "walishindwa". Sigismund, mfalme wa Hungaria, alitaka askari wa miguu watangulie kukutana na kikosi chepesi cha Waosmani. Wapanda farasi wa Ufaransa walidai heshima ya kutangulia, wakapanda mlima, wakakuta vigingi vilivyochongwa vikiwangoja, wakashuka kwenye farasi kuving'oa, na walipofika juu wakiwa wamechoka wakakutana na jeshi kuu la Bayezid.

Ankara 1402, tupu. Varna, 10 Novemba 1444, imejazwa: Mfalme Władysław III wa Poland na Hungaria, kijana wa miaka 20, aliuawa akimshambulia Sultani Murad II mwenyewe. Kosovo ya pili, Oktoba 1448. Konstantinopoli, 29 Mei 1453, weka duara tupu. Hati ya Papa ya kutangaza vita ilikuja baadaye, 30 Septemba 1453, nayo iende kwenye safu ya Ulaya ya ndani. Belgrade, 22 Julai 1456, imejazwa, na ndio ushindi mkubwa adimu wa upande wa Papa katika safu hii: János Hunyadi aliongoza wanajeshi, mtawa Giovanni da Capestrano akaongoza wakulima, na wote wawili walikufa ndani ya mwaka huo. Rhodes na Otranto 1480.

Baltiki inakwenda upesi. 1309, makao ya Shirika la Teutoni yanahamia Marienburg. 1386, Jogaila wa Lituanya anabatizwa na kuwa mfalme wa Poland, na hapo shirika linapoteza sababu ya vita vyake, kwani adui si mpagani tena. 15 Julai 1410, Grunwald, shirika linavunjwa nguvu. 1466, mkataba wa Toruń. Basi.

Ulaya ya ndani inaanza na kukamatwa kwa Watemplari wa Ufaransa, Ijumaa 13 Oktoba 1307, na kuvunjwa kwa shirika lao 1312. Chora mistari minene miwili: Papa kukaa Avignon, 1309–1377, na mpasuko wa mapapa, 1378–1417. Jan Hus, mhubiri wa Bohemia aliyepingana na Kanisa, alichomwa Constance tarehe 6 Julai 1415. Vita vya msalaba dhidi ya wafuasi wake vilikuwa vitano, 1420 hadi 1431, na vyote vilishindwa. Weka duara kwa Vítkov (14 Julai 1420) na Domažlice (14 Agosti 1431) tu. Ukiweka vyote vitano utakosa nafasi ya majina. Domažlice, jeshi la msalaba lilitimka kabla ya mapigano yenyewe. Mjumbe wa Papa aliyekuwa nalo, Kadinali Giuliano Cesarini, ndiye huyohuyo aliyekufa Varna miaka 13 baadaye, na Sigismund wa Nicopolis ndiye mfalme aliyedai kiti cha Bohemia. Mistari ya nukta kwa watu hawa wawili inaeleza zaidi kuliko aya nzima.

Safu ya tano: Río Salado, 30 Oktoba 1340, Mahdia ya Tunisia, 1390, meli za Genoa na wapanda farasi wa Ufaransa, mji haukutekwa, Ceuta 1415, Tangier 1437, Wareno wakashindwa, kisha 1471 wakaipata, Granada, mstari mnene 1482 hadi 2 Januari 1492. Humo pia mwaka 1319 Ureno iliunda Shirika la Kristo kwa mali ya Watemplari waliovunjwa. Liandike kwa wino mweusi, maana utalihitaji chini.

Safu ya pwani isijazwe kwa nguvu. Hakuna jeshi la msalaba lililofika Kilwa katika karne ya 14, na tusiigeuze pwani uwanja wa vita visivyokuwapo. Lakini 1331 Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa, na 1350 mtu huyohuyo alikuwa Gibraltar na Granada, kwa hiyo mstari mmoja wa nukta unapanda kutoka safu ya sita hadi ya tano. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China. Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Mombasa, kisha Malindi, akiwa na bendera ya Shirika la Kristo. Nguzo yake yenye msalaba ingali imesimama Malindi. Hapo shusha mstari mweusi kutoka 1312, upitie 1319, hadi 1498. Julai 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa na kujenga ngome, Agosti akaichoma Mombasa.

Majina yanaposongamana

Penye 1443–1456 utakuta matukio saba au nane ndani ya sm 13. Usipunguze herufi. Panga majina kwa ngazi tatu ndani ya zile sm 12 za safu, kila ngazi sm 4, na kila jina livutwe kwa mstari mwembamba hadi kwenye duara lake. Jina lisizidi herufi 20: "Varna 10.11.1444" linatosha, mengine yabaki kwenye kadi. Kadi zenyewe zitundike kwa kamba chini ya chati kwa mpangilio wa miaka.

Wino uje mwisho, baada ya mtu mwingine kusoma tarehe zote kwa sauti kutoka kwenye kadi nawe ukizikagua kwenye manila. Ukikagua peke yako jicho linasoma unachokumbuka.

Kuisoma wima

Shika rula wima kwenye mwaka mmoja na uishushe safu zote sita. Mwaka 1390, wapanda farasi wa Ufaransa wako Mahdia, na Henry Bolingbroke, ambaye baadaye atakuwa mfalme wa Uingereza, yuko Vilnius pamoja na Wateutoni. Mwaka 1480, Waosmani wanaizingira Rhodes na kuiteka Otranto, kusini mwa Italia, katika kiangazi kimoja. Mehmed II alikufa Mei 1481, na Otranto ikarudi mikononi mwa Wakristo Septemba.

Kipindi kinachofaa zaidi kwa mjadala wa darasa ni 1402 hadi 1413. Bayezid ametekwa na Timur, wanawe wanapigania kiti, Waosmani ni dhaifu kuliko wakati wowote wa karne hiyo, na safu ya Balkani haina duara hata moja lililojazwa. Waulize wanafunzi kwa nini hakuna aliyekuja. Majibu yako kwenye safu nyingine za miaka hiyohiyo: mapapa ni wawili, na tangu 1409 ni watatu, Poland na Wateutoni wanauana Grunwald, Sigismund anapambana na waasi nyumbani kwake Hungaria. Timur naye alikuwa ametoka kuitwaa Smyrna kutoka kwa Wahospitali.

Mwisho wa karatasi, kwenye manila ya tatu, zinabaki sm 15 baada ya 1505. Weka Diu ya India, 3 Februari 1509, kwenye safu ya Bahari ya Hindi: Wareno wanazipiga manowari za Wamamluki zilizotumwa na Kairo, dola ileile iliyoitwaa Akka. Kisha 1517 kwenye safu ya kwanza, Waosmani wanaingia Kairo, na kalamu ya kijani haina kazi tena.